Gunia Alilolikataa Susu Kalekye

Nimestaafu kabla ndevu zangu hazijakubaliana zitokee upande gani. Najua mkisikia mtu amestaafu mnatarajia mzee wa fimbo na miwani. Mimi ni Kyalo wa Tawa, nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu aliyaficha chini ya godoro, na kazi pekee niliyowahi kufanya ni ya kutembelea watu manyumbani kwa niaba ya shirika la msaada la makanisa ya huku kwetu. Sasa msaada unatumwa kwa simu. Mtembeleaji hahitajiki sana, na ofisi ikatuaga kwa soda na keki. Nyinyi wachache mliobaki mmeniomba niwaandikie kazi yenyewe ilikuwaje. Naandika nimekaa kwa kiti cha mama, kuku wananizunguka, na roho yangu imetulia.

Mshahara sitauzungumzia. Hata ulipokuwepo haukuwa na mazungumzo marefu.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ndunge, mwanamke mfupi wa viatu vya raba na sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Alikuwa ameifanya tangu ujana wake. Mimi siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Nilikuwa na ndoto, mnajua. Nilipanga kumaliza njaa Makueni yote kufikia Krismasi, halafu Januari nianze Kitui.

Mama Ndunge aliniangalia shingoni.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni tai, Mama."

"Naona ni tai. Tunaenda kwa mtu ambaye jana hakula. Akikuona na hiyo atadhani umekuja kuuza shamba lake."

Nikaivua. Aliitia kwa mfuko wake, na baadaye nikaiona imefunga mdomo wa gunia la maharagwe. Ilifunga magunia miaka, na nadhani ilifurahi zaidi kuliko shingoni mwangu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane, juu kidogo ya Malili, mahali ambapo malori ya Mombasa unayasikia lakini huyaoni. Tulibisha hodi, tukakaribishwa, tukakalia viti ambavyo nahisi kimoja kilikuwa cha jirani. Yule mama akatuletea uji wa mtama, kikombe kwa kila mgeni. Watoto wake wamesimama mlangoni wanaangalia vikombe. Mimi na moyo wangu laini nikasema, "Asante mama, nimeshiba." Nilijiona mwema sana. Mama Ndunge alikunywa wake wote, akapangusa mdomo, akasifu. Tukaongea habari za mvua, za mtoto anayekohoa, tukaaga.

Tulipopita ua akasimama.

"Umeshiba nini?"

"Mama, si umeona wale watoto..."

"Wale watoto wameona mama yao akikataliwa na mgeni. Rudi."

"Nirudi niseme nini?"

"Sema una njaa. Kwani si ukweli?"

Ilikuwa ukweli. Nilirudi nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, samahani, nimefika pale kwa barabara nikagundua nina njaa." Yule mwanamke alicheka mpaka akaketi. Alinijazia kikombe, na baada ya mimi kunywa, uji uliobaki kwa sufuria akawagawia watoto, wakanywa huku wakinicheka. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya kazi. Semina nilizohudhuria baadaye zilikuwa na chai nzuri.

Mama Ndunge alipenda kunisimulia vile kazi hii ilianza, tukiwa tunatembea. Zamani, alisema, hakukuwa na mtu wa kuitwa mtu wa msaada. Kulikuwa na mwethya. Mnalijua neno hilo kwa nyanya zenu: majirani wanajikusanya na majembe, leo wanalima matuta kwako, kesho kwa mwingine, na mwenye siku anapika. Ukifiwa wanakuja, ukiunguliwa nyumba wanakuja. Halafu kanisa likaleta sahani ya Jumapili, na kina mama wakawa wanapeleka unga kwa wagonjwa. Halafu, Mama Ndunge akiwa msichana, akaja mwanamke wa misheni aliyetaka kujua nani anastahili. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba akichungulia ghala kama ni tupu kweli.

"Siku akija kijiji kilikuwa sarakasi," Mama Ndunge aliniambia. "Hawa wanahamisha kuku waonekane maskini. Wale wanaazima viti wasiaibike. Jogoo wetu mmoja alihama nyumba nyingi siku moja kuliko mchungaji."

"Na yule mwanamke hakujua?"

"Alijua. Alikuwa mtu mzuri. Lakini alikuwa amejifunza kuuliza kabla ya kujifunza kukaa."

Nimelibeba hilo. Ndiyo sababu nasema vifaa vya kazi hii ni vichache: raba za kupanda mlima, matako yanayoweza kukaa kwa kigogo, na gorogoro. Gorogoro ni ule mkebe wa kupimia nafaka, mnaujua sokoni. Wauzaji hupitisha mkono juu kusawazisha. Mama Ndunge alikuwa anaacha kilima. Akiulizwa na ofisi kwa nini hesabu haifiki, alisema panya.

Na watu wa kutoa msaada nao ni wa aina zao. Kuna wale waliotaka picha, mtoto ashike pakiti na jina lao lionekane. Halafu kulikuwa na Mzee Hussein, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe pale Salama, familia yake ilitoka kaskazini mashariki. Lori letu likiharibika, lake lilibeba magunia yetu mpaka chini ya milima, pamoja na harufu ya mbuzi. Nilitaka kumwambia nani alipata nini. Alinikatiza. "Usiniambie, Kyalo. Nikimjua, siku nikikutana naye sokoni, mimi na yeye hatutasalimiana vizuri." Nimewaza hayo maneno mara nyingi.

Sasa niwaambie ya Susu Kalekye, maana ndiyo mliyoniuliza mkinywa soda.

Mwaka ule mvua ilipotea njia kabisa. Mahindi yalifika magotini yakakata tamaa. Mama Ndunge alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya presha, akawa anakaa kwake Tawa, na mimi ndiye nilipewa ile milima. Huko juu ya mto mkavu kulikuwa na nyanya mmoja, sisi wote tulimwita Susu Kalekye, susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, anaishi na wajukuu wake Mumo na Kioko. Mama yao alifariki. Baba yao alienda Mombasa kutafuta kazi, na bado anaitafuta.

Tulimpelekea gunia la mahindi na maharagwe. Kesho yake mchungaji alifungua kanisa akakuta punda wa jirani amefungwa mlangoni, gunia mgongoni, anakula maua ya kina mama. Susu alikuwa amelirudisha. Hata ile tai yangu ilikuwa bado imefunga mdomo vilevile.

Tukalipeleka tena. Likarudi tena. Punda akawa anaijua njia.

Watu hawakukosa la kusema. Wengine walisema ni kiburi. Wengine walisema mtu akikataa chakula mwaka kama huu, kuna kitu anafuga ndani ya nyumba. Lakini Mumo alianza kulala darasani, na mwalimu akaripoti.

Bwana Mutua, mkubwa wetu pale mjini Wote, aliniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaimba besi kwaya ya kanisa lao na anapenda utaratibu.

"Kyalo, mimi sina shida na susu kukataa. Ni mtu mzima," akasema. "Lakini wale watoto hawajakataa."

Akageukia kalenda ukutani.

"Shule zikifunguliwa baada ya likizo hii, kama hiyo nyumba bado haina chakula, nitakuja na gari tuwapeleke kituo cha watoto Machakos. Nimeongea nao. Wana nafasi."

"Mzee, ukimwondolea hao watoto, yule susu atabaki na nini?"

"Ndiyo maana nakuambia sasa na si siku hiyo."

Nilipanda mlima nikiwa na hotuba. Nilimkuta Susu amekaa nje ya nyumba, goti moja limenyooshwa mbele, limevimba. Alinipa maji kwa kibuyu. Nikaanza hotuba.

"Susu, ni chakula tu."

"Chakula tu? Wewe umewahi kukikosa?"

"Sasa mbona unakirudisha?"

"Kwa sababu sikukifanyia kitu."

"Lakini huu ni msaada."

"Msaada naujua. Nilikuwa nasaidia watu baba yako akiwa hajaota meno." Akanionyesha matuta ya shamba lake, yamebomoka kama meno ya mzee. "Haya tulilima kwa mwethya. Na mimi nikaenda kulima ya wengine. Halafu hili goti likakataa. Nikawaambia wasije tena kwangu. Nikila na sirudishi, mimi ni nani hapo? Ni mgonjwa? Kwani unaniona kitandani?"

"Na watoto, Susu?"

Aliangalia upande mwingine, akaanza kuokota vijiti vidogo chini, kimoja kimoja, kama mtu anayefagia kwa vidole. Nikajua amewaza hilo kuliko mimi na Bwana Mutua tukijumlishwa. Hotuba yangu ikaisha yenyewe.

Nilishuka mpaka Tawa kwa Mama Ndunge nikitaka anipe dawa. Alikuwa anachambua ndengu.

"Alikupa nini?" akaniuliza.

"Maji."

"Uliyanywa?"

"Yote."

"Basi mlango haujafungwa. Rudi ukae. Na usibebe neno la chakula."

"Nikifika niseme nini?"

"Kyalo, lazima useme?"

Nikarudi, mdomo nikiwa nimeufunga. Nilimkuta Susu na watoto wanateremka kwenda mtoni, yeye kwa fimbo, wao na mitungi. Mto wetu mnaujua, maji yamejificha chini ya mchanga na lazima uyachimbe. Niliomba jembe. Susu akaketi kwa jiwe ukingoni, akanyoosha goti lake, na watoto walipoanza kuchimba akaanza kuimba.

Haikuwa sauti ya kwaya. Ilikuwa sauti ya kazi, inashuka pale jembe linaposhuka, na inakuachia nafasi ya kuvuta pumzi. Nilikuja kujishtukia nimechimba mpaka kiunoni, sijakumbuka kuchoka. Na huko chini, kina mama waliokuwa kwenye visima vyao vya mchanga wakaanza kuitikia, hata bila kuinua vichwa.

Mmoja wao, Syombua, alikuja kuazima kibuyu akaninong'oneza.

"Huyo ndiye alikuwa anatuimbia kwa mwethya. Alikuwa analima na kuimba. Tangu aache, tunalima kama watu wanaogombana."

Sasa mjue, wakati huohuo shirika letu lilikuwa limeanza kujenga bwawa la mchanga, ule ukuta wa mawe unaozuia mchanga mtoni ili maji yakae, na ilikuwa mtoni hapohapo, kona moja kutoka hapo. Waliofanya kazi walikuwa wanapata mgao wa chakula. Na kazi ilikuwa inakokota miguu. Watu walichoka, waligombania nani amebeba jiwe dogo, wengine wakaacha kuja.

Nilienda Wote mbio.

"Mzee, nataka tumwandike Susu Kalekye awe wa kuimba."

Bwana Mutua aliweka kalamu chini. "Wa kuimba nini? Tuko na harusi?"

"Kwa bwawa."

"Kwa bwawa tuna wa kuchimba, wa kubeba mawe na wa kuchota maji. Kuimba iko wapi?"

"Muweke kwa kubeba."

"Susu wa goti bovu abebe nini?"

"Mzee, wewe unaimba kwaya. Mwenye kuanzisha wimbo akikosa, nyinyi besi mnafanya nini?"

Akaiokota kalamu. "Tunaangaliana," akasema. Halafu akasema, "Jaribu wiki moja."

Nilifika kwa Susu nikiwa karibu kuruka. Nikamwambia kina mama wanamtaka mtoni awaimbie kazi ya bwawa.

"Wamekuambia wewe?"

"Ndiyo, Susu."

"Na wao hawana miguu?"

Hapo tena nikawa nimekosea, kama ile siku ya uji. Nilitaka kumbebea heshima kama ninavyobeba gunia. Nikashuka kumwambia Syombua, na asubuhi yake wakapanda wao wenyewe, kundi zima, na majembe mabegani. Mimi nilikaa nyuma.

Syombua akasema, "Mwaitu, tunakosa mwendo." Mwaitu maana yake ni mama yangu, ndivyo tunavyomwita mtu tunayemheshimu.

"Kwani mmekatwa midomo?"

"Midomo tunayo. Kila mtu ana wimbo wake. Jana Mbithe alianzisha wa mazishi."

"Ulikuwa unafaa hiyo kazi," Mbithe akajitetea.

Susu aliwaangalia mmoja mmoja kwa muda mrefu. "Hili goti haliwezi kushika jembe," akasema.

"Jembe tunalo," Syombua akamjibu. "Hakuna mtu amekuja kuomba jembe."

Wakambebea kiti.

Siku hiyo nakumbuka kila kitu. Watu wamejipanga kwenye mtaro, majembe juu, na Susu ameketi ukingoni na leso safi. Akaanza. Sauti ikakwaruza, ikakatika. Akakohoa, akaanza tena, ikakatika palepale. Nikamwona anashika fimbo anataka kusimama aende nyumbani, na mimi nikawaza juu ya lile gari la Machakos. Mumo alikuwa amesimama na mtungi wake, hapumui.

Lakini hakuna aliyeshusha jembe. Mikono yote juu, imeanza kutetemeka, na hakuna aliyeshusha. Walimsubiri. Nadhani hata yeye aliona hawezi kuwaacha watu wazima wamesimama hivyo kama miti.

Akaanza kwa chini zaidi, sauti ya mwanamume karibu, na majembe yakaanguka pamoja. Ardhi ilisikika. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshatunga ubeti wa kunihusu, ati kijana wa ofisi anabeba jiwe kama yai la mama mkwe, halafu mkwe mwenyewe hajapatikana. Wakaitikia kwa furaha isiyo na huruma. Nikachukua jiwe kubwa zaidi. Mgongo wangu unaukumbuka ubeti huo mpaka leo.

Mwisho wa wiki tulipogawa chakula, Susu alisimama kwenye foleni na fimbo yake. Aliyemtangulia akataka kumpisha, akakataa. Nikapima gorogoro, nikaacha kilima. Akanizuia mkono.

"Wengine umewawekea hivi?"

"Wote, Susu."

Akamgeukia Syombua, Syombua akamfunulia gunia lake. Susu akaangalia.

"Basi weka," akasema.

Shule zilipofunguliwa Bwana Mutua alikuja na gari kama alivyosema. Nilipanda naye. Tulikuta Mumo na Kioko wamevaa yunifomu, moto unawaka, sufuria juu yake. Susu alimkaribisha kiti, akamletea uji. Bwana Mutua akafungua mdomo, na mimi nikajua neno linalokuja, kwa sababu lilikuwa neno langu. Nikamkanyaga mguu chini ya kiti. Akakunywa. Akakunywa mpaka chini, akasema, "Huu ni mtama wa wapi?" wakaongea mtama mpaka watoto wakachelewa shule. Tukawapa lifti. Hiyo ndiyo safari pekee ambayo lile gari liliwabeba.

Bwawa lilimalizika, mvua ilikumbuka njia, na mchanga ukashika maji. Kina mama walilima tena matuta ya Susu, na safari hii hakuwafukuza, aliwaimbia akiwa mlangoni pake. Kazi yangu niliendelea nayo miaka kadhaa baada ya hapo, na kuna nyumba nilizoshindwa kabisa, hizo siku nyingine mkija na mkate nitawasimulia. Makueni njaa haijaisha, na Kitui sikufika. Lakini sina kinyongo. Mtu akiniuliza nilifanya nini na ujana wangu, nitasema nilikunywa uji kwa nyumba za watu, na sijui kazi nzuri kuliko hiyo.

Wiki iliyopita nilipanda kumuaga Susu. Amezeeka, lakini ulimi bado kijana. Kioko ni mrefu kunishinda. Mumo anasomea ualimu.

"Umefukuzwa?" Susu akaniuliza.

"Nimestaafu, Susu. Siku hizi msaada unakuja kwa simu."

"Hiyo simu inakunywa uji?"

"Hapana."

"Basi itajuaje?" Akanijazia kikombe. "Na sasa utakula nini?"

Nikamwambia mpango wangu wa nyuki, vile nitaweka mizinga miwili kwanza, halafu mia, halafu asali ya Tawa ijulikane mpaka ng'ambo. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mtoto akihesabu nyota. Halafu akaingia ndani, akatoka na kiondo kimejaa ndengu.

Neno likanifika mdomoni, *hapana Susu, bakia nazo*. Nikamkumbuka Mama Ndunge pale nje ya ua. Nikanyoosha mikono miwili nikapokea.

"Asante, Susu. Nina njaa kweli."

"Najua," akasema. "Ndengu kula. Kiondo nakitaka."

Ndengu tumekula na mama. Kiondo kimetundikwa hapa ukutani nikiandika, kinanitazama, na kwetu kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mzinga mmoja bado mtupu. Huu mwingine, tangu jana, nyuki wameanza kuingia.